Kula Bila Nyama Katika Mji Usioujua: Somo Kutoka Barabara ya Yide, Guangzhou

Safari hii tunazungumzia chakula, hasa chakula cha mtu asiyekula nyama kabisa, au anayekula aina fulani tu. Katika familia zetu watu hao ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo Waislamu na Waadventista wasiogusa nguruwe, Wakatoliki wakati wa Kwaresima, wazee waliokatazwa na daktari, na vijana walioamua wenyewe.

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. kueleza usichokula kwa maneno ambayo mpishi hawezi kuyaelewa vibaya;
2. kutambua nyama iliyojificha ndani ya chakula kinachoonekana kama mboga;
3. kupata mahali pa kula, hata katika mji ambao huwezi kusoma mabango yake;
4. kuzungumza na shule kuhusu chakula cha mtoto wako.

Kisa cha kuanzia

Nimebadilisha mambo machache ili familia hii isitambulike.

Msichana wa darasa la 4, aliyefika na wazazi wake kutoka kambini, alianza shule mwezi wa 9. Asubuhi ya kwanza baba yake alimpa usia mmoja tu: "Mwanangu, nguruwe usile." Mtoto alitii. Lakini kwenye foleni ya chakula hakujua kipi ni nguruwe na kipi sicho, na Kiingereza cha kuuliza hakuwa nacho. Akachagua njia aliyoiona salama. Alikula tofaa na kunywa maziwa, basi, kila siku, kwa wiki 6. Mwalimu alimwona anasinzia mchana akadhani ni mgonjwa. Mama naye alishangaa kwa nini jioni mtoto anakula kama mtu aliyetoka kulima. Nilipokaa naye na kumuuliza kwa Kiswahili, alijibu kwa sauti ndogo: "Sikujua kilichomo ndani."

Jibu hilo nililielewa mara moja. Lilinikuta mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye cheti cha chuo, katika barabara moja ya China. Ndiyo maana nataka kuwapeleka huko kwanza, kisha turudi hapa Marekani.

Barabara ya Yide ni wapi?

Guangzhou ni mji mkubwa wa kusini mwa China, kando ya Mto Lulu. Wengi wenu mnao ndugu Kampala, Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi wanaokwenda huko kununua bidhaa za duka. Waafrika wengi hufikia mtaa wa Xiaobei. Lakini anayetafuta vitu vya kuchezea watoto, mapambo ya sikukuu, daftari na kalamu kwa bei ya jumla, huelekezwa Yide Lu. "Lu" ni barabara kwa Kichina. Iko karibu na mto, na ina kituo chake cha treni ya chini ya ardhi kwenye Mstari wa 6.

Ukitoka kituoni, pua inatangulia kufika kabla ya macho. Barabara ya Yide inajulikana hasa kwa vyakula vikavu vya baharini vinavyouzwa kwa jumla. Kuna samaki wakavu, kamba wakavu, chaza wakavu na ngisi wakavu, wamejazwa kwenye magunia na masanduku hadi mlangoni. Mtu aliyekulia Kigoma au Uvira atadhani amerudi kwenye soko la dagaa. Ila ukitazama vizuri, utaona kwamba magunia mengine yamejaa mimea: uyoga mkavu wa kila namna, karanga, mbegu za yungiyungi, maharage mekundu madogo, choroko, ufuta, tende nyekundu za Kichina na maembe makavu.

Katikati ya biashara hiyo yote limesimama kanisa kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu. Lilijengwa kati ya 1863 na 1888, na wenyeji huliita Shishi, yaani Nyumba ya Mawe, kwa sababu lote ni la matale. Jumapili kuna Misa ya Kiingereza, na Waafrika wengi wanaofanya biashara mjini husali hapo. Kwa hiyo barabara hii ni mahali ambapo mtu wetu anaweza kujikuta amefunga nyama huku amezungukwa na samaki kila upande.

Sahani ya mchicha

Nilikwenda huko kumsindikiza mama mdogo, ambaye hununua vitu vya kuchezea watoto kwa ajili ya duka lake. Mimi ni Mwadventista na nyama sili. Siku ya kwanza mchana tuliingia mkahawa mdogo. Menyu ilikuwa na picha, na kwenye picha moja niliona mchicha, au lengalenga kama wengine tunavyouita Kongo. Moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa nimejifunza sentensi moja kutoka kwenye simu: "bu yao rou", yaani sitaki nyama. Nikaisema. Mhudumu akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akaenda.

Mchicha ulikuja ukiwa ndani ya supu nyeupe, na vipande vya yai juu yake. Ulikuwa mtamu ajabu. Nilikunywa supu yote. Mama mdogo, aliyekuwa nje akibishana bei, alirudi, akatazama bakuli, akaonja tone moja, akaniambia, "Mwanangu, hii ni supu ya mifupa ya nguruwe."

Sikulia, lakini karibu. Mama mdogo akaniuliza, "Ulisemaje?" Nikamwambia. Akacheka, halafu akanifundisha jambo ambalo ndilo kiini cha somo hili. Mhudumu hakunidanganya. Nilisema sitaki nyama, na kwa masikio yake nyama ni vipande vya nyama. Supu kwake ni maji ya kupikia tu. Mchicha wa namna ile huitwa "shangtang xiancai". Xiancai ni mchicha, na shangtang ni supu nzito inayochemshwa kwa nguruwe, kuku na mara nyingi paja la nguruwe lililokaushwa. Jina lenyewe lilikuwa limeshasema. Mimi ndiye sikujua kulisoma.

Na sisi je? Mgeni akija nyumbani Bukavu au Kasulu na kusema "sili nyama", mara ngapi tunamletea ndagala? Mara ngapi tunampikia maharage kwenye sufuria iliyochemshiwa mifupa, tukitoa mifupa kabla hajaiona? Kila lugha ina "nyama" yake. Neno lile lile halibebi mambo yale yale kila mahali.

Herufi mbili za kukumbuka

Mama mdogo alinichorea herufi mbili kwenye karatasi ya risiti.

Ya kwanza ni 素. Husomwa "su", kwa sauti inayoshuka, kama unavyomkemea kuku aondoke jikoni. Maana yake ni chakula kisicho na nyama wala samaki. Sentensi yake ni "wo chi su", yaani mimi hula chakula cha su. Sentensi hii inabeba zaidi ya "sitaki nyama", kwa sababu inamwambia mpishi wewe ni mtu wa aina gani. Anayesikia hivyo hufikiria pia supu na mafuta.

Ya pili ni 斋. Kwa Kichina cha kawaida husomwa "zhai", na kwa Kikantoni, lugha ya wazee wa Guangzhou, ni "jaai". Maana yake ya msingi ni mfungo. Herufi hii hii hutumika katika jina la Kichina la mwezi wa Ramadhani. Ukiiona kwenye bango la mkahawa, ujue hapo wanapika chakula cha wanaofunga nyama kwa sababu ya dini ya Buddha.

Kwa Waislamu kuna maneno mengine: 清真, "qingzhen", yaani halali. Kumbuka kwamba halali haimaanishi bila nyama. Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya zamani kabisa China, uko katika wilaya hiyo hiyo ya Yuexiu, na mikahawa ya halali iko mingi kuelekea Xiaobei.

Hata baada ya kusema "wo chi su", uliza kuhusu vitu vitano vinavyopenda kujificha katika mapishi ya Guangzhou:

- supu ya mifupa (shangtang au gaotang);
- mafuta ya nguruwe (zhuyou);
- mchuzi wa chaza (haoyou), unaomwagwa juu ya mboga za majani;
- kamba wakavu (xiami), wale wale wa kwenye magunia ya Yide;
- unga wa kuku (jijing), unaotiwa kama sisi tunavyotia chumvi.

Tafuta wanaokula kama wewe

Siku ya pili mama mdogo alinipeleka vituo viwili kwa treni, kutoka Yide Lu hadi Beijing Lu. Karibu na hapo kuna Hekalu la Dafo, yaani Hekalu la Buddha Mkubwa, lenye mkahawa wake. Humo hamna haja ya kuuliza kuhusu supu. Katika karne ya 6 mfalme Wu wa Liang aliwataka watawa wa Kibuddha wa China waache nyama, na tangu zamani hizo jikoni za mahekalu zimekuwa zikipika bila nyama wala samaki. Siku ya 1 na ya 15 ya mwezi wa Kichina hata watu wasio watawa hufunga nyama, kwa hiyo siku hizo sehemu kama hizi hujaa.

Utapata nini? Tofu kwa namna nyingi. Uyoga na mboga mchanganyiko, unaoitwa "luohan zhai". "Nyama" na "bata" ambavyo kumbe vimetengenezwa kwa soya au ngano. Msishtuke mkiona umbo la samaki mezani. Ni unga uliokunjwa na mikono yenye ufundi. Jambo moja litawashangaza. Chakula cha mahekalu hakina vitunguu wala vitunguu saumu, kwa kuwa watawa wanaviepuka pia. Kwa sisi ambao kila mchuzi huanza na kitunguu, ulimi utauliza, "Mbona kimya?" Uvumilie. Baada ya vijiko vichache utaanza kusikia ladha ya uyoga na ya tangawizi.

Kilichonigusa zaidi hakikuwa tofu. Ilikuwa kwamba sikuhitaji kueleza neno lolote. Nilitazama meza za jirani, bibi na wajukuu zake, vijana wawili na simu zao, nikaona sahani zao ni kama yangu. Kambini tulikula maharage bila nyama miaka mingi, na kila mtu aliita hiyo shida. Pale niliona watu wanaokula hivyo kwa furaha na kwa kuchagua.

Hapo nikapata kanuni ninayowapa wateja wangu hadi leo: ukiwa mgeni, usianze kwa kutafuta chakula. Anza kwa kutafuta watu ambao tayari wanakula kama wewe. Wao wameshapigana vita vya supu na mafuta muda mrefu kabla hujafika.

Vya kujifurahisha

Mtu asiyekula nyama naye anapenda kitu kitamu. Guangzhou ina vibanda vya "tangshui", yaani maji ya sukari, na vingi vya vitu vyake mtavitambua:

- Viazi vitamu vilivyochemshwa kwa tangawizi na sukari.
- Choroko au maharage mekundu yaliyopikwa hadi yakalainika, yakatiwa sukari. Mwanzoni utasema maharage na sukari wapi na wapi. Halafu utaomba bakuli la pili.
- Uji mweusi wa ufuta uliosagwa, "zhima hu".
- Tofu laini, "douhua", kwa maji ya sukari.
- Maziwa yaliyogandishwa kwa maji ya tangawizi, kama unatumia maziwa.

Mboga za nyumbani pia zipo sokoni na mikahawani. Mchicha upo, bamia ipo, na majani ya viazi vitamu, matembele yetu yale yale, huitwa "fanshu ye". Waambie wapike kwa mafuta ya mimea na bila supu. Na asubuhi, uji mweupe wa mchele, "bai zhou", haukosi.

Lakini angalia. Jeli nyeusi iitwayo "guilinggao", ya asili, ina unga wa gamba la kobe. Keki nyingi za zamani, zikiwemo "laopo bing" na keki za sikukuu ya mwezi, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Keki ya figili, "luobo gao", huwa na kamba na soseji ndani. Utamu nao una siri zake.

Turudi hapa Marekani

Sasa weka pembeni Kichina, kanuni ubaki nayo. Hatua ni tatu: neno, kilichofichwa, na watu.

*Neno.* Ukisema tu "No meat", mhudumu anaweza kukuletea samaki au supu ya kuku, kama nilivyoletewa mchicha. Sema orodha kamili. Neno "vegetarian" hueleweka karibu kila mkahawa, na maana yake ni bila nyama, kuku wala samaki. Neno "vegan" linaongeza bila maziwa, mayai wala asali. Usione haya kuuliza. Hapa wahudumu huulizwa maswali hayo kila siku, na kuuliza hakuhesabiwi kuwa ni kumdharau mpishi.

*Kilichofichwa.* Hivi ndivyo vitu vinavyowanasa sana watu wetu:

- Mboga za majani zinazofanana na sukuma wiki, ziitwazo "collard greens". Mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe au bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi. Huyu ni ndugu wa mchicha wangu.
- Supu ya mboga iliyoanzishwa kwa supu ya kuku. Kwenye kopo tafuta maneno "chicken broth" au "beef broth".
- Maharage ya kusagwa ya Kimeksiko na chapati zao. Mengine yana "lard", yaani mafuta ya nguruwe.
- Wali wa rangi uliopikwa kwa supu ya kuku.
- Peremende za kutafuna na baadhi ya mtindi, vyenye "gelatin". Gelatin hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, mara nyingi ya nguruwe au ng'ombe.

Kwenye maduka ya Wahindi kuna msaada mkubwa. Pakiti za chakula kutoka India huwa na alama ya duara ya kijani ndani ya mraba ikiwa chakula hakina nyama, samaki wala mayai. Alama hiyo hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kuitumia.

*Watu.* Mji wako hapa una watu wanaofunga, hata kama hujawaona. Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa na kwa majuma mengi kabla ya Pasaka. Kwa hiyo mkahawa wa Kiethiopia karibu kila mara una sinia ya dengu, njegere na mboga juu ya injera. Utakula kwa mkono, bila mtu kukushangaa. Wahindi wengi hawali nyama kizazi baada ya kizazi. Wavietinamu Wabuddha wana mikahawa yenye neno "chay" kwenye bango. Neno hilo ni ndugu wa ile herufi 斋 niliyoichorewa Barabara ya Yide. Na Waadventista, wawe Wakongo au Wamarekani, wanajua duka gani linauza nini. Waulize baada ya ibada.

Pesa na afya

Kadi ya SNAP hununua maharage, dengu, mayai, tofu, karanga na mboga, lakini hainunui chakula cha moto kilichopikwa tayari. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, mpango wa WIC una maharage, siagi ya karanga na mayai. Tofu nayo inaweza kuruhusiwa; uliza ofisi ya jimbo lako.

Mtu asiyekula nyama, mayai wala maziwa kabisa anahitaji vitamini B12 kutoka kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Hili ni la lazima hasa kwa watoto na kwa mama anayenyonyesha. Mwambie daktari mapema. Na ukila maharage au mboga za majani, kamulia ndimu au kula na nyanya. Hapo mwili hupata madini ya chuma vizuri zaidi.

Kuhusu shule

Hapa naomba wazazi wasome polepole.

Kama mtoto ana mzio au ugonjwa unaomzuia kula kitu fulani, leta fomu iliyosainiwa na mtaalamu wa afya mwenye leseni. Shule iliyo katika mpango wa serikali wa chakula inapaswa kumbadilishia. Kama sababu ni dini au chaguo la familia, shule inaruhusiwa kumbadilishia lakini sheria ya mpango huo haiilazimishi. Shule nyingi husaidia zikiombwa vizuri, na haziwezi kusaidia zisipoambiwa. Omba menyu ya mwezi mzima, kaa na mtoto mezani, na mweke alama kwenye siku ambazo chakula kikuu hakimfai, ili siku hizo abebe chakula cha nyumbani.

Una haki ya kuzungumza na shule kwa lugha unayoielewa. Mkalimani ni bila malipo. Usimtumie mtoto kutafsiri mkutano unaomhusu yeye mwenyewe.

Kwa yule msichana wa wiki 6, ilitosha saa moja ya kikao. Mama alileta menyu, mpishi mkuu wa shule alionyesha kwa kidole, na mkalimani alitafsiri. Ilionekana kwamba katika siku 20 za shule za mwezi ule, siku 13 zilikuwa na chakula ambacho angeweza kula bila shaka yoyote. Alikuwa amekaa na njaa mbele ya chakula chake. Baba yake alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mtoto, "Nilikupa katazo, sikukupa njia. Nisamehe, mama." Mtoto akaangalia chini, akatabasamu.

Wazazi, neno hilo tulichukue. Tukimwambia mtoto usile hiki, tumwambie pia kile atakachokula na jinsi ya kukiuliza.

Kadi ya kukata

Kata maneno haya, yaweke ndani ya pochi au mkoba wa shule. Mtu asiyesema Kiingereza anaweza kuionyesha tu.

"I do not eat meat, chicken, or fish. Please, no broth, lard, or gelatin. What can I eat here?"

Maana yake: Sili nyama, kuku wala samaki. Tafadhali pasiwe na supu ya nyama, mafuta ya nguruwe wala gelatin. Naweza kula nini hapa?

Kama unakula nyama lakini si nguruwe, tumia hii: "I do not eat pork. Please, no pork, bacon, ham, lard, or pork gelatin."

Angalia swali la mwisho kwenye kadi ya kwanza. Linampa mpishi nafasi ya kukusaidia, na mara nyingi atafurahi kuipata.

Zoezi la nyumbani

1. Kwa lugha yenu ya nyumbani, neno "nyama" linajumuisha nini? Je, samaki wamo? Na supu? Ulizaneni mezani, kila mtu ajibu.
2. Chukueni vitu 5 kutoka kabatini na msome lebo pamoja. Tafuteni maneno "gelatin", "lard" na "broth". Mtoto atakayepata la kwanza achague chakula cha Jumapili.
3. Mwezi huu tafuteni jirani mmoja, wa dini au nchi yoyote, anayefunga au asiyekula nyama. Mwulizeni ananunua wapi.
4. Jaribuni kitamu hiki cha Guangzhou: kata viazi vitamu 3 vipande vikubwa, chemsha kwa maji yanayovifunika pamoja na tangawizi iliyopondwa ya ukubwa wa kidole gumba, na vikikaribia kuiva tia sukari kiasi mnachopenda. Kinyweni kikiwa moto. Viungo vyote vinapatikana kwa kadi ya SNAP.

Mkikwama kwenye menyu ya shule au kwenye lebo yoyote, njooni nayo ofisini, au pigeni picha mmwonyeshe mhudumu wenu. Hakuna swali la chakula lililo dogo. Tuonane toleo lijalo.